Amekunywa nini? Namba za kemikali na umuhimu wake kwa mlezi

Mtoto wa miaka miwili analetwa zahanati akiwa amelegea, mate yanamtoka, na mboni za macho zimekuwa ndogo. Mama anasema mtoto amekunywa dawa. Muuguzi anauliza ni dawa gani. "Dawa ya kupe." Imeandikwaje? Mama hajui, kwa sababu dawa ilipimwa dukani na kumiminwa kwenye chupa ya maji ya kunywa. Chupa anayo mkononi, lakini lebo iliyobaki ni ya maji.

Swali hilo si la kumlaumu mama. Tunauliza kwa sababu matibabu yanategemea jibu. Dawa za kuogeshea mifugo ni za aina nyingi. Moja inaweza kuwa na diazinoni, nyingine amitrazi. Mtoto aliyemeza yoyote kati ya hizo anaweza kufika kwetu na dalili zinazofanana: usingizi mzito, mboni ndogo, mapigo ya moyo ya polepole. Hata hivyo, diazinoni imo katika kundi la sumu ambalo dawa yake kuu hospitalini ni atropini. Amitrazi haimo katika kundi hilo, na haina dawa yake maalumu ya kuikata makali. Mtoto husaidiwa kupumua na kutunzwa kwa karibu hadi mwili uiondoe.

Kemikali hizi mbili zina namba mbili tofauti zinazotambulika dunia nzima. Diazinoni ni 333-41-5. Amitrazi ni 33089-61-1. Lebo halisi yenye jina au namba hiyo ikifika pamoja na mtoto, tunaacha kubahatisha.

Makala hii inaeleza namba hizo zinatoka wapi, zinatolewaje, zinakuambia nini na hazikuambii nini. Huhitaji kuzikariri. Unahitaji kujua tu kwa nini usizitupe.

Kwa nini jina peke yake halitoshi

Kemikali moja inaweza kuwa na majina mengi: jina la mtaani, jina la biashara, jina la kitaalamu, na jina la nchi nyingine. Na jina moja linaweza kubeba vitu viwili tofauti. Tuangalie mifano miwili inayogusa nyumba zetu.

Mfano wa kwanza ni mafuta ya taa. Uingereza huyaita parafini. Marekani huyaita kerosini, na huko ukisema parafini watu wataelewa nta ya kutengenezea mishumaa. Kwa mtoto, tofauti ni kubwa. Aliyetafuna kipande kidogo cha mshumaa kwa kawaida hapati sumu, ingawa anaweza kupaliwa. Aliyekunywa mafuta ya taa anaweza kuyavuta mapafuni na kupata shida kubwa ya kupumua. Kwa namba, mkanganyiko unaisha: mafuta ya taa ni 8008-20-6, na nta ya parafini ni 8002-74-2.

Mfano wa pili ni dawa ya homa. Tunayoiita parasetamoli, Marekani na Kanada huiandika "acetaminophen". Ndugu aliyeko huko akikutumia dawa ya maji ya watoto, unaweza kuona jina geni na kudhani ni dawa nyingine. Ukimpa mtoto hiyo, kisha ukaongeza parasetamoli ya hapa, umempa dozi mbili za dawa ileile. Parasetamoli ikizidi huharibu ini, na mtoto anaweza kuonekana mzima siku ya kwanza huku madhara yakiendelea ndani. Majina ni mawili, lakini kemikali ni moja na namba yake ni moja: 103-90-2. Namba hiyo kwa kawaida haiandikwi kwenye boksi la dawa, ila mfamasia anaweza kuitafuta na kukuthibitishia. Ukipokea dawa kutoka nje, mpelekee kwanza mfamasia au muuguzi aisome.

Nani anatoa namba hizi

Namba za mtindo huu huitwa namba za CAS. Herufi hizo ni kifupi cha jina la Chemical Abstracts Service, kitengo cha Chama cha Kemia cha Marekani. Ofisi zake kuu ziko Columbus, katika jimbo la Ohio.

Kazi ya kitengo hiki ilianza mwaka 1907. Wakati huo kilikuwa kinachapisha muhtasari wa makala za kemia kutoka nchi mbalimbali, ili mtaalamu mmoja ajue wenzake wamegundua nini. Kadiri miaka ilivyopita, majina ya kemikali yalizidi kuwa mengi. Kemikali moja ilitajwa kwa jina hili katika jarida moja na kwa jina jingine katika jarida lingine, na ikawa vigumu kujua kama ni kitu kilekile. Mwaka 1965 wakaanzisha rejista inayotumia kompyuta, ambayo kila kemikali hupewa namba yake.

Leo rejista hiyo ina kemikali zaidi ya milioni 200. Nyingi hutaziona maishani mwako, kwa kuwa zimetengenezwa maabara tu kwa utafiti. Lakini maji unayochota, chumvi unayotia kwenye mboga na dawa ya kufulia vimo pia.

Namba inatolewaje

Unaweza kulinganisha kazi hii na kuandikisha mtoto aliyezaliwa. Msajili anataka kujua mambo mawili: huyu ni nani, na je, ameshaandikishwa?

1. Kemikali inaripotiwa. Wataalamu wa CAS hupitia majarida ya sayansi na hati za ugunduzi kutoka duniani kote. Kemikali mpya ikitajwa humo, huchukuliwa. Kampuni au mtafiti pia anaweza kuomba kemikali yake isajiliwe.

2. Umbo lake linachunguzwa. Kila kemikali imejengwa kwa atomu zilizounganishwa kwa mpangilio fulani. Mpangilio huo ndio unaoitofautisha na nyingine, hata kama majina yamefanana. Mwaka 1965 mtaalamu wa CAS, Harry Morgan, alichapisha njia ya kuifanya kompyuta ieleze mpangilio wa atomu kwa namna moja tu, vyovyote mtu atakavyouchora. Hapo ndipo kompyuta ilipoweza kulinganisha.

3. Rejista inapekuliwa. Kemikali ikiwa imo tayari, haipewi namba nyingine. Jina jipya huongezwa tu kwenye orodha ya majina yake.

4. Ikiwa ni mpya, hupewa namba inayofuata. Namba haihesabu ukali wala haielezi kundi. Ni zamu tu ya kuingia kwenye rejista.

Vitu vilivyo mchanganyiko kwa asili, kama mafuta ya taa, pia hupewa namba. Lakini bidhaa ya dukani kama sabuni ya maji, yenye viambato vingi vilivyochanganywa na kiwanda, haina namba moja ya CAS. Kila kiambato kina yake.

Makosa hutokea. Kuna kemikali zilizowahi kusajiliwa mara mbili kwa bahati mbaya. Likigundulika hilo, namba moja hubaki na nyingine hufutwa. Iliyofutwa haipewi kemikali nyingine, ila humwelekeza msomaji kwenye namba inayotumika.

Jinsi ya kuisoma namba

Namba ya CAS ina sehemu tatu zilizotenganishwa kwa vistari. Sehemu ya kwanza ina tarakimu mbili hadi saba, ya pili tarakimu mbili, na ya mwisho tarakimu moja tu.

Tarakimu ya mwisho ina kazi ya pekee: inasaidia kugundua kama mtu amekosea kunakili. Chukua ethanoli, ambayo ni pombe iliyomo kwenye vitakasa mikono vingi. Namba yake ni 64-17-5. Acha 5 pembeni. Anza kulia ukienda kushoto, uzidishe kila tarakimu kwa 1, 2, 3 na kuendelea:

- 7 mara 1 ni 7
- 1 mara 2 ni 2
- 4 mara 3 ni 12
- 6 mara 4 ni 24

Jumla ni 45. Tarakimu ya mwisho ya jumla hiyo ni 5, sawa na ile tuliyoiacha pembeni. Namba imenakiliwa vizuri. Mtu akikosea akaandika 64-71-5, jumla itakuwa 51. Inaishia na 1, si 5. Basi tunajua kuna kosa.

Hesabu hii huna haja ya kuifanya usiku wa manane ukiwa na mtoto mgonjwa, kompyuta huifanya. Jambo la kukumbuka ni kwamba ukisoma namba kwa simu, soma tarakimu zote pamoja na ile ya mwisho. Methanoli, ambayo hupofusha na kuua, ni 67-56-1. Kwa macho inafanana na ethanoli kabisa: zote ni majimaji meupe kama maji. Usifupishe namba na usikadirie.

Mambo manne ambayo namba haikuambii

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea, kwa hiyo tuende polepole.

Kwanza, haikuambii kama kitu ni hatari. Maji yana namba ya CAS: 7732-18-5. Chumvi ya mezani ni 7647-14-5. Kuwa na namba hakumaanishi kuwa kitu ni sumu. Kinachokuonya hatari ni alama za picha zenye mpaka mwekundu wa umbo la almasi: fuvu la kichwa kwa sumu kali, mwali wa moto kwa kinachowaka, na kimiminika kinachokula mkono na chuma kwa kinachounguza. Alama hizo zinatokana na mfumo wa Umoja wa Mataifa, na zinatumika katika nchi nyingi. Namba inasema ni nani, picha inasema anafanya nini.

Pili, haikuambii makali yake. Asidi asetiki ni 64-19-7. Ndiyo iliyomo kwenye siki ya kachumbari, ikiwa imechanganywa na maji mengi. Asidi hiyohiyo ikiwa haijachanganywa na maji huunguza ngozi na koo vibaya, na namba yake ni ileile. Ndiyo maana pembeni ya namba kunakuwa na asilimia. Ukitusomea lebo, tusomee na asilimia.

Tatu, haikuambii kama kitu kimeruhusiwa. Namba ya CAS si kibali cha serikali. Haidrokwinoni, inayowekwa kwenye baadhi ya krimu za kung'arisha ngozi, ina namba 123-31-9, lakini hairuhusiwi katika vipodozi vinavyouzwa Tanzania na Kenya. Zebaki nayo ni hivyohivyo, na ina ujanja wa ziada. Zebaki yenyewe ni 7439-97-6, lakini ikiungana na klorini inakuwa kalomeli, ambayo ni 10112-91-1. Kila muungano una jina lake na namba yake. Kwa hiyo usitafute neno moja tu. Kwenye sabuni au krimu ukiona "mercury", "calomel", "mercurio" au herufi Hg, usiitumie, na usimpake mtoto.

Nne, haikuambii kama lebo inasema kweli. Hili limegharimu maisha ya watoto. Dawa nyingi za kikohozi za maji hutengenezwa kwa kutumia propilini glikoli, namba 57-55-6, ambayo inaruhusiwa katika dawa. Kuna kemikali nyingine inayofanana nayo kwa macho, dietilini glikoli, namba 111-46-6. Hii ya pili ni sumu inayoharibu figo. Oktoba 2022, Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu dawa nne za maji za watoto zilizopatikana Gambia zikiwa na dietilini glikoli na ethilini glikoli. Watoto wapatao 70 walifariki, wengi wao wakiwa chini ya miaka mitano. Wazazi wao walinunua chupa zenye lebo safi.

Namba kwenye karatasi ni ahadi ya aliyeiandika. Kuihakiki ni kazi ya maabara ya kiwanda na ya mamlaka ya dawa. Wewe nunua dawa ya mtoto kwenye duka lililosajiliwa, tunza chupa na boksi hadi mtoto apone, na mtoto anayetumia dawa ya maji akiacha kukojoa au akapunguza mkojo ghafla, mwahishe hospitali pamoja na chupa hiyo.

Namba nyingine utakazokutana nazo

Kwenye bidhaa kuna namba nyingi, na kila moja ina kazi yake.

Namba ya UN ina tarakimu nne. Hutolewa na kamati ya wataalamu ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia usafirishaji wa bidhaa hatari. Utaiona kwenye bamba la rangi ya chungwa nyuma ya lori la mafuta, na kwenye madumu makubwa. Petroli ni 1203, mafuta ya taa ni 1223. Inawasaidia zimamoto kujua wanapambana na nini. Ukiona lori lenye bamba hilo limeanguka, ondoa watoto na uondoke. Agosti 2019 pale Morogoro, zaidi ya watu 100 walifariki baada ya lori la mafuta kulipuka wakati watu wakichota petroli iliyomwagika.

Namba zinazoanza na E huwekwa kwenye vyakula. Ni za viungio vya chakula kwa utaratibu wa Ulaya, na zinaendana na orodha ya kimataifa ya Codex. Mama wengi wanaziogopa zote. Hakuna sababu ya kuziogopa kwa jumla: E300 ni vitamini C, na E330 ni asidi ya sitriki, ileile iliyomo kwenye limau. Kama mtoto wako ana mzio wa kiungio fulani, namba hiyo ndiyo itakayokusaidia kukikwepa hata jina likiwa limeandikwa kwa lugha usiyoijua.

Namba ya usajili wa bidhaa hutolewa na mamlaka ya nchi. Kwa Tanzania, dawa za binadamu ziko chini ya TMDA, viuatilifu viko chini ya TPHPA, na kemikali za viwandani na majumbani ziko chini ya Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Hii inahusu bidhaa ya kampuni fulani, wala si kemikali yenyewe.

Namba ya toleo inaonyesha bidhaa ilitengenezwa katika mkupuo gani. Dawa ikigundulika kuwa mbovu, tangazo la kuiondoa sokoni hutaja namba hii. Ndiyo sababu nyingine ya kutotupa boksi.

Namba iliyo chini ya mistari myeusi ni ya mauzo. Inamsaidia mwenye duka kujua bei. Haina habari za sumu, kwa hiyo ukiombwa namba ya kemikali, si hiyo.

Utaipata wapi namba ya CAS

Kwenye chupa ndogo za nyumbani mara nyingi utaona jina la kiambato bila namba. Jina hilo linatosha, kwa sababu tukilipata tunaweza kuifikia namba. Namba yenyewe huonekana zaidi kwenye galoni, madumu na magunia ya kemikali, na kwenye karatasi ya taarifa za usalama inayotolewa na mtengenezaji. Katika karatasi hiyo, viambato huorodheshwa katika sehemu ya tatu.

Kama unatengeneza sabuni kwa ajili ya kuuza, jambo hili linakuhusu sana. Kostiki soda ni sodiamu haidroksaidi, 1310-73-2. Mtoto akionja punje chache tu anaweza kuungua mdomo na koo. Mwombe aliyekuuzia karatasi ya taarifa za usalama, na uitunze mahali kila mtu mzima nyumbani anapojua.

Fanya haya leo nyumbani

- Usihamishie kemikali kwenye chupa ya soda, maji au juisi. Lebo ikipotea, jina na namba vimepotea, na mtoto anaiona kama kinywaji.
- Ukilazimika kununua ya kupima, mwombe muuzaji akuonyeshe chombo kikubwa. Kipige picha kwa simu: jina, asilimia, namba na alama za hatari. Chombo chako kisiwe cha kinywaji, na ukiandike kwa kalamu isiyofutika.
- Usinunue sumu ya panya au ya wadudu isiyo na lebo kabisa, hata kama ni bei rahisi. Ikitokea ajali, hakuna atakayejua ni nini.
- Piga picha lebo za dawa ya madoa, dawa ya choo, dawa ya wadudu na dawa ya mifugo ulizonazo. Mtumie na baba, bibi au dada anayebaki na watoto.
- Weka vyote juu na ufunge. Uvungu wa kitanda na chini ya sinki ni mahali pa kwanza mtoto anapofika.

Mtoto akimeza kemikali

1. Mwondoe penye kemikali. Mfute mdomo, toa mabaki, msukutue kwa maji kama yuko macho na anaweza kutema.
2. Usimtapishe. Usimwingize kidole kooni wala kumpa maji ya chumvi. Mafuta ya taa yakirudi juu yanaweza kuingia mapafuni, na kostiki ikirudi inaunguza koo mara ya pili.
3. Usimlazimishe kunywa maziwa au mafuta ya kula. Maziwa si dawa ya kila sumu, na yanaweza kumfanya atapike.
4. Ikiwa imemwagikia ngozi, mvue nguo na umwoshe kwa maji mengi na sabuni. Ikiwa imeingia machoni, osha kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 10 hadi 15.
5. Akiwa amelegea au hajitambui, mlaze kwa ubavu na usimpe chochote mdomoni.
6. Nenda kituo cha afya mara moja, hata kama anaonekana mzima. Chukua chombo chenye lebo, kikiwa kimefungwa vizuri ndani ya mfuko. Kama hakibebeki, chukua picha ya lebo.
7. Tuambie alimeza saa ngapi, kiasi gani kwa kukadiria, na kama ametapika.

Usiogope kutuambia ukweli, hata kama kemikali ni ya jirani au ilihifadhiwa vibaya. Tunachotaka kwanza ni mtoto apone.

Mambo ya kukumbuka

- Kemikali moja inaweza kuwa na majina mengi, lakini namba yake ya CAS ni moja.
- Namba ni kitambulisho. Haisemi kama kitu ni salama, kina makali kiasi gani, wala kama kimeruhusiwa.
- Angalia na alama za picha, asilimia na namba ya toleo.
- Chombo halisi chenye lebo kina thamani kuliko maelezo marefu. Mtoto akija zahanati, kije naye.

Kabla hujalala leo, tafuta chupa moja nyumbani kwako ambayo lebo yake hailingani na kilichomo. Wengi wetu tunayo. Usiimwage shimoni wala karibu na kisima. Iandike sasa hivi ilicho ndani, ifungie mbali na watoto, kisha umuulize mhudumu wa afya wa mtaa wako namna salama ya kuiondoa.